Mshipa wa moyo ukiziba, damu hupitia wapi?

Chukua watu wawili wa mfano. Wa kwanza ni mzee wa miaka 68, mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma. Kila akipandisha mwinuko wa shamba lake kifua kinambana. Akisimama dakika chache kinaachia. Anapelekwa mjini kupigwa picha ya mishipa ya moyo, na picha inaonyesha mshipa wake wa kulia umeziba kabisa, tena umeziba siku nyingi. Lakini akipimwa kwa mashine ya eko, inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, misuli yote ya moyo inasukuma vizuri, hata ile iliyokuwa ikitegemea mshipa uliokufa. Wa pili ana miaka 45, dereva wa bajaji, hajawahi kulalamika kifua. Asubuhi moja anaanguka pale Sabasaba akisubiri abiria, na hafiki hospitali. Hadi jana yake jioni mshipa wake ulikuwa umebanwa nusu tu.

Ndugu wa yule mzee wataambiwa na majirani kwamba moyo wake umejiotesha mishipa mipya. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umekaa upande. Kinachomwokoa mzee wa Hombolo, kwa sehemu kubwa kabisa, ni mishipa aliyokuwa nayo kabla ya ugonjwa, myembamba mno, ambayo damu yenyewe imeipanua kidogo kidogo kwa miaka. Tofauti hiyo unaweza kuiona ndogo. Lakini ndiyo inayoeleza kwa nini yule dereva hakuokoka, kwa nini dawa zilizotarajiwa kufanya maajabu zilishindwa, na kwa nini daktari humwambia mgonjwa wa moyo atembee badala ya kukaa kitandani.

Tuanze na mishipa yenyewe. Moyo haujilishi kwa damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mishipa yake, ateri za korona, zinazochomoza mwanzoni kabisa mwa aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto, na ya kushoto hugawanyika mapema kuwa matawi mawili makubwa. Kwa uzito moyo haufiki hata asilimia 1 ya mwili, lakini mtu akiwa ametulia unachukua karibu asilimia 5 ya damu yote inayosukumwa. Tena unaikamua kwelikweli. Misuli ya mguu ikiwa imepumzika huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo kwenye damu na kuiacha iliyobaki irudi. Moyo huchukua karibu asilimia 70, hata umelala. Kwa hiyo ukianza kupanda mlima, moyo hauna cha kuongeza kutoka kwenye damu ileile. Lazima uletewe damu nyingi zaidi, mara 4 hata 5 ya kawaida. Mshipa uliobanwa asilimia 70 ya upana wake hupitisha damu ya kutosha kukaa kitini, lakini ya kupandia mlima haitoshi. Hapo ndipo kifua kinapobana.

Je, maeneo yanayolishwa na ateri hizo yameunganika? Swali hilo liliwagombanisha madaktari kwa karne tatu. Mwaka 1669 Mwingereza Richard Lower alieleza kwamba ukiingiza kimiminika kwenye ateri moja ya korona, kinaenea hadi kwenye eneo la nyingine, maana yake kuna vinjia kati yao. Mwaka 1881 Mjerumani Julius Cohnheim, baada ya majaribio ya mbwa, akashikilia kwamba kila ateri ya moyo inaishia kwake, haina jirani wa kuisaidia. Heshima aliyokuwa nayo ilifanya wazo hilo liishi muda mrefu kuliko lilivyostahili. Miaka ya 1960 William Fulton wa Glasgow alipiga picha za makini za mioyo ya watu waliofariki na kuonyesha kwamba vinjia vipo hata kwenye moyo mzima usio na ugonjwa wowote. Vingi havifiki upana wa sehemu ya tano ya milimita. Katika siku za kawaida damu inayopita humo ni kidogo mno, kwa sababu msukumo wa pande zote mbili unalingana na hakuna sababu ya damu kwenda upande huu au ule.

Sasa mshipa mmoja ubanwe. Msukumo wa damu baada ya kizuizi unashuka, na upande wa jirani unabaki juu. Damu, ambayo hapo awali haikuwa na haraka ya kwenda kokote, inaanza kukimbilia upande wenye msukumo mdogo kupitia vile vinjia.

Aliyekulia Kondoa ataelewa kinachofuata upesi kuliko mwingine. Milima ya Irangi ilichimbwa na maji hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Korongo halihitaji mtu wa kulichimba. Linaweza kuanza na kijia cha ng'ombe tu: mvua inanyesha, maji yanakifuata kwa sababu kimeshainama kidogo, yanapita kwa kasi, kasi inakipanua, na upana unaita maji mengi zaidi mvua inayofuata. Vinjia vya moyo navyo hupanuliwa na mwendo wa kile kinachopita ndani yake. Mfano wangu unaishia hapo, maana korongo ni udongo ulioondoka, na mshipa ambao ukuta wake unamomonyoka tu hupasuka. Mshipa hupanuka kwa kujengwa.

Ujenzi wenyewe uko hivi. Ndani ya kila mshipa kuna utando wa seli zilizolala kufuata mwelekeo wa damu. Damu ikipita kwa kasi isiyo ya kawaida inazisugua, na seli hizo zina uwezo wa kuhisi msuguo huo. Zinatoa nitriki oksaidi, ambayo kwanza inalegeza misuli ya ukuta. Kisha zinaweka juu yake protini za kunata, na kutoa kemikali za kuwaita askari wa mwili, hasa monositi, aina ya seli nyeupe za damu. Hizi zinanasa ukutani, zinapenya ndani, zinayeyusha sehemu ya ule ukuta wa zamani na kuachia vichocheo vya ukuaji. Seli za misuli za ukuta zinaanza kugawanyika. Matokeo, baada ya wiki na miezi, ni ateri ya kweli yenye ukuta mnene, inayoweza kuwa pana mara kadhaa, wakati mwingine hata mara 10, kuliko kile kinjia cha awali. Na kwa kuwa ukuta hukua kwa urefu pia, mishipa hii kwenye picha huonekana ina mapindopindo mengi. Daktari mwenye uzoefu huitambua kwa kuitupia jicho tu.

Ona kwamba katika maelezo yote hayo njaa ya oksijeni haijatajwa. Wolfgang Schaper, aliyefanya kazi miongo mingi katika taasisi ya Max Planck mjini Bad Nauheim, Ujerumani, ndiye aliyelisisitiza hilo kuliko wengine. Ukitaka ushahidi mwepesi, angalia mguu. Mshipa mkubwa wa paja ukiziba, unaoteseka kwa kukosa hewa ni unyayo na misuli ya chini. Lakini mishipa ya pembeni inayopanuka iko juu, pajani, mahali ambapo oksijeni haijapungua. Ingekuwa njaa ndiyo inayoita, wito ungesikika mahali pasipo na njaa kwa njia gani? Kinachofika pajani ni kasi ya damu.

Njaa nayo ina kazi yake, na hapa ndipo kuota kwa mishipa mipya kunapoingia. Seli zikikosa oksijeni, protini moja inayoitwa HIF, ambayo kwa kawaida huvunjwavunjwa muda wote, inaacha kuvunjwa. Inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi, mojawapo ile ya VEGF, kichocheo kinachofanya mishipa midogo kabisa, kapilari, itoe matawi. Kazi ya kufumbua namna seli zinavyohisi oksijeni iliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kwa hiyo ni kweli, pembezoni mwa eneo lenye shida kapilari mpya huota.

Tatizo ni hesabu. Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha katika karne ya 19 kwamba kiasi cha kimiminika kinachopita kwenye bomba hutegemea nusu ya upana wake ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne. Bomba likipanuka mara 2, linapitisha mara 16. Kapilari ina upana wa karibu sehemu ya mia ya milimita. Ili upate kapilari zinazopitisha damu sawa na mshipa mmoja wa pembeni wenye upana wa milimita 1 na urefu uleule, ungehitaji milioni 100. Damu halisi si maji na mishipa si mabomba ya chuma, kwa hiyo hesabu hiyo usiichukue kama kipimo cha maabara. Lakini inakuonyesha kinjia kimoja kilichopanuka kina thamani gani mbele ya msitu mzima wa vichipukizi.

Wanasayansi wengi wa miaka ya 1990 waliijua hesabu hiyo, ila matumaini yalikuwa makubwa. VEGF ilikuwa imeshapatikana, inaweza kutengenezwa kiwandani, wanyama wa majaribio walionekana kufaidika. Basi kwa nini usimpe mgonjwa? Jaribio lililojulikana kama VIVA, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003, liliwagawa wagonjwa 178 kwa kura: wengine VEGF, wengine maji matupu ya dawa. Baada ya siku 60 wote walikuwa wanatembea muda mrefu zaidi kwenye mashine, pamoja na waliopewa maji matupu. Dawa haikuwazidi. Majaribio mengine ya vichocheo na ya jeni yaliyofuata hayakubadilisha tiba ya kila siku. Kwa maoni yangu lile kundi la maji matupu ni somo linalopaswa kutundikwa kila duka linalouza "dawa ya kuota mishipa": mgonjwa anayefuatiliwa kwa karibu, anayemeza dawa zake na kujaliwa, hupata nafuu hata akidungwa maji.

Turudi kwa dereva wa bajaji. Vinjia huenda naye alikuwa navyo. Alichokosa ni muda. Mshipa uliobanwa nusu haushushi msukumo wa damu kiasi cha kuwasha ujenzi niliouelezea. Kisha utando wa mafuta uliojificha ukutani ukapasuka, damu ikaganda juu ya kidonda, na mshipa ukafungwa ndani ya dakika. Misuli ya moyo isiyopata damu kabisa huanza kufa baada ya kama dakika 20 hadi 40, na kifo husambaa kwa saa kadhaa zinazofuata. Tena mara nyingi mtu huondolewa mapema kuliko hapo, na mapigo yaliyovurugika ghafla. Ujenzi wa ukuta wa mshipa unahitaji wiki. Schaper na wenzake waliliona hilo kwa mbwa: mshipa ukifungwa ghafla, misuli inakufa, ukivikwa pete inayovimba taratibu kwa unyevu na kuubana kwa wiki kadhaa, mbwa wengi huendelea kuishi, misuli ikiwa salama kwa kiasi kikubwa. Kizuizi ni kilekile, tofauti ni kalenda.

Tofauti nyingine ni bahati ya kuzaliwa. Simbilisi ana vinjia vingi na vipana kiasi kwamba ukimfunga mshipa wa moyo, misuli haifi. Nguruwe karibu hana kitu. Binadamu tuko katikati, na tunatofautiana sana sisi kwa sisi. Timu ya Christian Seiler mjini Bern, Uswisi, ilipima kwa kuziba mshipa kwa kipira kidogo kwa muda wa dakika moja hivi, wakati mgonjwa amelala kwenye meza ya uchunguzi, huku wakisoma msukumo wa damu upande wa pili na umeme wa moyo. Hata kwa watu ambao mishipa yao ilikuwa mizima, robo hivi au pungufu kidogo hawakuonyesha dalili yoyote ya moyo kukosa damu. Robo tatu walionyesha. Timu hiyohiyo ilifuatilia wagonjwa wa mishipa ya moyo kwa miaka na kukuta kwamba kati ya wenye njia nzuri za pembeni hufa wachache kuliko kati ya wasio nazo.

Sasa, mtu asisome hapa akafikiri mwili umeshamaliza kazi. Mishipa ya pembeni ina kikomo, na kikomo chake kinatokana na kile kile kinachoijenga. Kadiri mshipa unavyopanuka, ndivyo damu inavyopungua kasi ya kuusugua ukuta, na mjenzi anaacha kazi kabla nyumba haijaisha. Katika wanyama wa maabara ukuaji husimama kwenye kama theluthi moja ya uwezo wa mshipa uliopotea, au zaidi kidogo. Theluthi hiyo inatosha kuifanya misuli isife, na ndiyo maana eko ya mzee wa Hombolo ni nzuri. Haitoshi kupanda mwinuko, na ndiyo maana kifua kinambana. Mambo hayo mawili hayapingani, ingawa ndugu wengi, wakiambiwa moyo unasukuma vizuri, huona hospitali inatafuta pesa.

Je, mtu anaweza kuongeza kasi hiyo ya damu kwa hiari yake? William Heberden, daktari wa London aliyekieleza hiki kifua cha kubana mwaka 1768, aliacha maandishi kuhusu mgonjwa aliyejipangia kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, na karibu akapona. Hakujua kwa nini. Sisi tunajua kidogo zaidi: moyo ukifanya kazi, mishipa midogo hulegea, damu hukimbia, na vile vinjia husuguliwa kila siku. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2016, likiwa na wagonjwa 60 wa mishipa ya moyo, lilipima uwezo wa njia za pembeni kwa kile kipira kabla na baada ya wiki 4. Waliofanya mazoezi, makali kwa ya wastani, uwezo uliongezeka kwa karibu asilimia 40. Ila mazoezi yao yalikuwa ya saa nyingi kila wiki, chini ya uangalizi. Kuzunguka uwanja wa Jamhuri mara moja Jumamosi hakuingii kwenye hesabu hiyo.

Kwa mtu wa Dodoma ningesema hivi: aliyeshapimwa na kuambiwa na daktari wake kwamba anaruhusiwa, atembee kila siku mpaka karibu na pale kifua kinapoanza, asipavuke, na dawa ya kuweka chini ya ulimi iwe mfukoni. Kijasho cha asubuhi kabla jua la Oktoba halijachacha kinatosha. Ambaye hajapimwa asianze kwa kupanda Mlima Simba kujaribu bahati. Sigara huharibu ule utando wa ndani ambao ndio unaohisi kasi ya damu, na kisukari kisichodhibitiwa nacho huudhoofisha pamoja na zile seli nyeupe zinazoitwa kusaidia; mwenye vyote viwili anatembea huku kazi anaibomoa. Kuhusu mvinyo wetu wa zabibu, wakulima watanisamehe, hauzibui mshipa wa mtu.

Wala hauzibuliwi na kitunguu saumu kilichosagwa na tangawizi, hata kama aliyekutumia ujumbe ni shangazi yako mwenye nia njema. Dawa zinazosaidia ni zilezile za kila siku: za kupunguza mafuta, za presha, aspirini kwa aliyeandikiwa. Hazioteshi mshipa. Zinapunguza uwezekano wa utando wa mafuta kupasuka ghafla, yaani zinampa mtu ule muda ambao dereva hakuupata.

Kifua kikibana ghafla wakati umetulia, kikazidi dakika chache, kikaenda mkononi au taya, kikaja na jasho baridi, hapo habari za njia za pembeni ziwekwe kando. Ni kukimbilia hospitali. Picha na matibabu ya mishipa ya moyo kwa njia ya tundu dogo hufanyika hapa jijini katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni takriban kilomita 160, kwa hiyo anayengoja kuona kama kitapoa chenyewe anakula saa ambazo barabara tayari inazidai. Anzia kituo kilicho karibu, wakupime umeme wa moyo, wakuanzishie dawa, wakusafirishe.

Limebaki jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mzee wa Hombolo akifunguliwa ule mshipa wa kulia na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, damu inarudi kwenye njia kuu, msukumo wa pande zote mbili unalingana tena, na ile sababu ya damu kukimbilia pembeni inaondoka. Gerald Werner wa Ujerumani alipima wagonjwa wa namna hiyo na kukuta uwezo wa mishipa ya pembeni unashuka papo hapo, na baada ya miezi umeshuka zaidi. Kwa wengi, ile akiba iliyojengwa kwa miaka haitoshi tena kuukinga moyo mshipa ukiziba upya. Kwa hiyo mzee akiacha vidonge vya kuzuia damu kuganda mwezi wa pili tangu awekewe stenti, kwa sababu kifua hakibani tena na hela inahitajika shambani, stenti ikaziba ghafla, atakuwa kwenye hali ya yule dereva: mshipa uliofungwa kwa dakika, na pembeni njia zilizokwisha kusinyaa.